Flopi ikigoma kusomeka, si lazima iwe imekufa

Wengi wanaamini kwamba ukiingiza flopi ya zamani, ile diski ya sumaku ya kuhifadhia data, kwenye draivu ya flopi ya USB na kompyuta ikasema haijafomatiwa (yaani haijaandaliwa kupokea data), basi flopi hiyo imeharibika. Imani hii ina chanzo kinachoeleweka: flopi zote za inchi 3.5 zinafanana kwa umbo, na draivu inazimeza zote.

Tofauti iko kwenye namna data ilivyoandikwa. Draivu za USB kwa kawaida husoma mpangilio wa PC, yaani KB 720 na MB 1.44. Kompyuta za Macintosh (Mac) za miaka ya 1980 ziliandika KB 400 au 800, zikibadili kasi ya mzunguko kadiri kichwa, kile kinachosoma na kuandika data, kilivyosogea. Draivu ya USB haiwezi hilo. Kompyuta ya Amiga nayo ilipanga KB 880 kwa mtindo wake.

Ishike flopi yako uitazame. Lebo ikitaja Mac au Amiga, umeshapata jibu. Sogeza taratibu kibati kinachofunika utando wake: ukiona madoa ya ukungu au mikwaruzo ya duara kwenye utando mweusi, usiiingize popote, itachafua kichwa. Ikiwa safi, sukuma kile kijilango cha plastiki pembeni hadi tundu lipitishe mwanga. Hapo haiandikiki tena.

Na tafadhali sana, kompyuta ikiuliza kama ifomati, kataa. Barua nyingi za zamani zimepotea kwa kubofya hapo tu. Tafuta mashine ya aina iliyoiandika, au kifaa kinachonakili mawimbi ghafi ya sumaku kupitia draivu ya kawaida ya PC.