Majani mengi si mbegu nyingi

Mfugaji akitembelea shamba la majaribio, jicho lake huvutwa na nyasi ndefu yenye majani mapana. Mbegu za hiyo ndizo anazotaka. Dhana hii, kwamba nyasi yenye majani mengi huzaa mbegu nyingi, hutugharimu kuliko dhana zote kuhusu mbegu za malisho. Aina inayochelewa kuchanua hulisha ng'ombe kwa muda mrefu, lakini mara nyingi masuke yake hutoka machache na hayakomai pamoja. Ndiyo maana uzalishaji wa mbegu hupimwa peke yake: nyasi ilichanua lini, ilitoa masuke mangapi kwa mita ya mraba, punje zilipukutika upesi kiasi gani, na ngapi ziliota.

Wengine husema nyasi yenye asili ya kwetu itazaa mbegu popote kwetu. Nyasi ya malisho iitwayo Brachiaria, aina ya Basilisk, ilitoka Uganda, ila ilipata umaarufu wa kibiashara Australia na Brazil. Mulato II, aina nyingine ya Brachiaria tunayoipenda, huzalishiwa mbegu Thailand na Mexico. Karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, hivyo aina kama hizi huweza kuchanua kidogo au kutoa maganda matupu. Kwa hiyo jaribio la kituo kimoja na msimu mmoja mimi siliamini.

Je, gunia likijaa, mbegu zimepatikana? Hapana. Boma, aina ya nyasi ya Rhodes iliyoteuliwa Kitale, Kenya, hutoa mbegu nyepesi zilizochanganyika na makapi. Zifikiche kiganjani utafute kiini. Mavuno halisi ni kilo za punje zenye uwezo wa kuota.

Kuna dhana nyingine inayoua aina nzuri kabla hazijamfikia mkulima: kwamba mbegu isiyoota imekufa. Mbegu ya nyasi ya Cenchrus iliyovunwa karibuni huwa imelala, na usingizi huo huweza kudumu miezi kadhaa. Ukiipima wiki mbili baada ya mavuno utaihukumu bure. Irudie baada ya miezi sita. Mikunde nayo, kama siratro na desmodiamu, ina ganda gumu lisilopitisha maji. Likwaruze kwa msasa kwanza. Mbegu za mti wa lusina hutumbukizwa dakika chache kwenye maji ya nyuzi 80 za Selsiasi.

Na ploti, yaani vipande vya shamba la majaribio, zilizopakana? Chavua ya Rhodes hupeperushwa na upepo, hivyo aina mbili zikichanua pamoja huweza kuchanganyika. Mbegu za ploti hizo ni za kupimia tu, zisiuzwe kama mbegu safi. Cenchrus ina nafuu, kwa kuwa kwa kawaida mbegu zake hufuata mmea mama bila yai kurutubishwa na chavua.