Stauti si jina la ukali

Jioni moja mwezi wa kumi, upepo wa vumbi ukiwa umetulia kidogo, nilikaa baa moja ya Area C, hapa Dodoma, nikisubiri nyama. Meza ya jirani mhudumu akauliza swali lao la kila siku, "Ya baridi au ya moto?" Jamaa akajibu, "Ya baridi, ila usiniletee stauti, dada. Ile kali, na mimi naendesha." Akaletewa Safari. Akamaliza, akaagiza ya pili. Sikumbuki ni mara ya ngapi nasikia stauti ikitajwa kama jina jingine la ukali.

Stauti ni bia iliyopikwa kwa kuchanganya nafaka iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi, aghalabu shayiri au kimea chake, kisha ikachachushwa kwa hamira ya jamii ya eli, ile inayofanya kazi kwenye joto la kawaida na kupanda juu ya chombo. Hamira ya laga, bia za aina ya Safari, hupenda baridi, hutulia chini na haina haraka; jina lake lenyewe linatoka kwenye neno la Kijerumani la kuhifadhi ghalani. Basi, maana ndiyo hiyo. Kiasi cha kilevi hakimo.

Kinachonichosha ni kwamba wanaokosea wana historia upande wao. Neno lenyewe katika Kiingereza cha zamani lilikuwa la mtu mwenye kiburi, shupavu, baadaye mwenye nguvu. Karne ya 17 mtu akisema bia ni stauti alimaanisha ina nguvu tu, rangi iwe yoyote, na karne iliyofuata zilikuwapo hata stauti nyeupe. London kulikuwa na bia ya kahawia iliyoitwa porter kwa sababu wapagazi waliipenda. Ile iliyopikwa nzito zaidi wakaiita stauti porter. Siku zikapita, jina likadondoka, sifa ikabaki imesimama peke yake, kama sisi tunavyosema "amekunywa kali" na kila mtu akaelewa.

Kisha rangi ikaingia. Mwaka 1817 Mwingereza Daniel Wheeler alipata hataza ya mtambo wa kukaangia kimea bila kukiunguza kikawa mkaa. Kuanzia hapo punje chache nyeusi zikatosha kulipaka pipa zima rangi na kulipatia ladha ya kahawa na ukoko. Karne iliyofuata, Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofanya nafaka kuwa adimu na kodi kupanda, bia za Uingereza zikapunguzwa nguvu sana. Neno stauti halikushuka nazo. Likabaki limeng'ang'ania weusi. Leo stauti ya Guinness ya bomba, ile wanayokunywa Dublin, ina kilevi asilimia 4.2. Safari ya jamaa yangu ina 5.5.

Sasa kwa nini huku kwetu tunaamini kinyume? Nadhani ni kwa sababu ya aliyetangulia kubisha hodi. Mwaka 1801 kiwanda cha Guinness kiliandika namna ya kupika porter ya kusafirishwa West Indies, yenye hopsi nyingi, yale maua machungu yanayosaidia bia kukaa, na kilevi kingi ili isiharibike melini. Guinness Foreign Extra Stout ya chupa, inayojulikana sana Afrika, ni ya ukoo huo. Tulitembelewa na kijana mwenye misuli kuliko ndugu zake, tukadhani nyumba nzima iko hivyo.

Mtu wa Dodoma hata hivyo hana kisingizio. Sisi tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na yeyote aliyewahi kusimama karibu na mapipa ya mvinyo anajua kwamba wekundu unatoka kwenye maganda. Acha maganda yakae na maji yake, unapata mvinyo mwekundu. Yaondoe mapema, unapata mweupe. Hakuna anayesema mwekundu unalevya zaidi kwa sababu ni mwekundu. Kilevi kinatokana na sukari ambayo hamira imekula, na hapo ndipo bia nyeusi inaposhangaza: nafaka ikikaangwa hivyo, sehemu kubwa ya uwezo wake wa kutoa sukari inakufa motoni. Zile punje nyeusi ndizo zinazochangia kilevi kidogo kuliko zote chunguni. Ukitaka kinyume chake, Wabelgiji wana eli iitwayo Duvel, maana yake shetani, rangi ya majani makavu, na ina asilimia 8.5.

Lakini ugomvi wangu mkubwa nauona kwenye neno letu wenyewe, kali. Tunalitwika mizigo mingi mno: pilipili kali, jua kali, ndimu kali, kisu kikali, pombe kali. Ulimi ukiguswa na stauti unapata uchungu wa kitu kilichoungua, na nyuma yake ukakasi kidogo. Mnywaji anauita wote ukali, halafu bila kujua anahama kutoka ulimini kwenda kichwani: kwa kuwa ni kali mdomoni, basi ni kali ya kulevya. Kahawa bila sukari nayo ni kali, na hakuna aliyewahi kupepesuka kwa kahawa. Kiswahili hakina njaa ya maneno hapa. Uchungu upo, uchachu upo, ukakasi upo. (Wanaosema stauti inaongeza damu wanatoka kwenye mlango huohuo wa rangi. Weusi ule ni wa moto, si wa madini ya chuma, na mjamzito mwenye upungufu wa damu anaitwa kliniki, haitwi kaunta.)

Kwa hiyo, kaka wa meza ya jirani, sikukuingilia siku ile kwa sababu nyama yangu ilikuwa imefika. Ungesema stauti ni chungu mno kwako, nisingekuwa na neno. Neno kali ungelisubirisha mpaka usome namba kwenye lebo, na ujazo wa chupa. Nusu lita ya Safari ina mililita 27 na nusu za kilevi. Stauti ya asilimia 6, katika chupa ndogo ya mililita 330, haifiki 20. Nawe uliagiza mbili, za baridi, kwa sababu unaendesha.