Mkutano ulivunjika au ulivunjwa?

Katika maandishi tunayoletewa kuhariri, hakuna jozi ya maneno inayotupa kazi kama *vunjika* na *vunjwa*. Wengi huyatumia kana kwamba ni neno moja.

Ukisema "kioo kimevunjika", umeeleza hali ya kioo, basi. Kiambishi *-ik-* hakimpi mtendaji nafasi, ndiyo maana hatusemi "kioo kimevunjika na mtoto". Ukisema "kimevunjwa", tayari kuna mkono wa mtu, hata kama hukumtaja mwenyewe. Sasa peleka tofauti hiyo kwenye kumbukumbu za kikao. "Mkutano ulivunjika" inaweza kuwa watu walizozana wakatawanyika. "Mkutano ulivunjwa" ina maana kuna aliyeamuru, awe mwenyekiti au askari. Karani anayejua kwamba ulivunjwa, kisha akaandika ulivunjika, amemfuta mhusika kwa silabi moja tu. Nawasihi waandishi wa habari walitazame jambo hili kwa makini kuliko hata tahajia.

Kuna umbo la tatu, *vunjiwa*, ambalo linamleta aliyeumia. "Jirani amevunjiwa nyumba": kilichovunjwa ni nyumba, lakini sentensi inaanza na mwenye nyumba, kwa kuwa hasara ni yake. Ndivyo tunavyosema pia kumvunjia mtu heshima. Lugha imeona kwamba heshima ikivunjwa, kuna mtu nyuma yake anayeumia.

Kuhusu vitu vyenyewe, *vunja* hupenda kitu kigumu kinachoachana vipande: fimbo, sahani, mfupa. Kamba hukatika, puto hupasuka, nguo huchanika, ukuta hubomoka. Tonge humegwa, na tawi likivutwa kwa mkono mpaka likaachana na shina, limekwanyuliwa. Mfupa huvunjika ila kiungo huteguka, na anayemweleza tabibu habari za mguu wake ni vyema asiyachanganye hayo mawili. Simu isiyowaka imeharibika. Imevunjika pale tu kioo au gamba lake limepasuka. Siku hizi nasikia "gari langu limevunjika" kwa gari zima lisilowaka, na hiyo ni tafsiri ya neno kwa neno kutoka lugha nyingine. Hata "habari za kuvunja" nimewahi kuiona imeandikwa, ilhali tunazo *habari za hivi punde*.

Sisemi kwamba neno libaki kwenye vyombo na mifupa. Tunavunja sheria, ahadi, mkataba, ndoa, rekodi, na mtu huvunjika moyo. Katika mengi ya hayo kilichokuwa kimeshikamana kimeachana, kwa hiyo maana imetanuka bila kuacha shina lake. Msimulizi hodari naye huvunja watu mbavu kwa kicheko. Msichana anayepata hedhi ya kwanza *amevunja ungo*. *Vunja jungu* ni karamu ya kula na kunywa kabla ya mwezi wa Ramadhani kuingia, na yakiunganishwa, *vunjajungu*, huwa jina la mdudu mwenye miguu ya mbele iliyokunjwa kama anayeomba dua.

Majina yanayotokana nalo ni mengi, nitagusa mawili tu. *Uvunjaji* ni kitendo: uvunjaji wa sheria. *Mvunja* hudai kinachovunjwa kifuate papo hapo, kama katika methali "Mvunja nchi ni mwananchi". Ukitaka kutumia "wa", sema *mvunjaji wa*.

Nimalizie na saumu, kwa sababu hapa kosa linaweza kumvunjia mtu heshima. Aliyefunga, jua likishazama, *hufungua* au *hufuturu*. *Kuvunja* saumu ni kuibatilisha kabla ya wakati wake. Ukiandika kwamba wageni walialikwa jioni "kuvunja saumu", umewatuhumu watu waliokuwa wanaikamilisha ibada yao.