Uzamili wa Hisabati za Fedha: Dhana Potofu Kuhusu Masomo Yanayodaiwa

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba shahada ya uzamili ya hisabati za fedha ni ngazi ya juu ya uhasibu, na kwamba aliyehitimu shahada ya biashara kwa alama nzuri ataimudu kwa urahisi kuliko aliyetoka idara ya fizikia. Ukweli ni kinyume chake. Kwa kawaida mwombaji hudaiwa awe amesoma kalkulasi ya vigeu vingi, aljebra ya vekta na matriki, milinganyo tofautishi, pamoja na uwezekano na takwimu, ilhali somo la fedha mara nyingi halidaiwi kabisa, kwa kuwa hisa, hatifungani na mikataba inayotokana nazo hufundishwa humo humo kuanzia mwanzo. Mhitimu wa biashara hafungiwi mlango, ila azibe pengo kabla ya kuomba, na ile kozi moja ya hisabati ya biashara ya mwaka wa kwanza haizibi chochote.

Dhana ya pili huwa na wafuasi hata miongoni mwa wanaohisabu vizuri: kanuni ya Black na Scholes ya mwaka 1973, ya kukadiria bei ya mikataba ya chaguo (inayompa mtu haki ya kununua au kuuza kitu kwa bei iliyopangwa), imo katika kila programu ya kompyuta ya fedha, basi kuna haja gani ya kumaliza muhula mzima kwenye nadharia ya vipimo, mwendo wa Brown na kalkulasi ya Itô, yaani hisabati ya mabadiliko ya kubahatisha ambamo kanuni hiyo hutokana? Jibu lilitolewa na soko lenyewe. Tarehe 20 Aprili 2020 mkataba wa mafuta ghafi ya Marekani wa kupokelewa mwezi Mei ulifunga kwa dola 37.63 chini ya sifuri kwa pipa, kwa sababu waliokuwa nao walikosa pa kuyahifadhi mafuta na wakawa radhi kulipa ili waondokane nao. Kanuni hiyo na nyingine za ukoo wake huchukua logi (logarithmu) ya bei, na namba hasi haina logi halisi. Siku mbili baadaye, soko la CME la Chicago lilianza kukokotoa thamani za mikataba ya chaguo ya mafuta kwa modeli iliyotokana na tasnifu ambayo Louis Bachelier aliitetea Paris mwaka 1900, ambamo bei inaruhusiwa kushuka chini ya sifuri. Aliyejifunza jinsi kanuni inavyopatikana hujua ni sharti gani limevunjika na lipi liwekwe badala yake. Aliyeikariri hubaki kutazama ujumbe wa kosa kwenye skrini.

Kuandika programu nako si nyongeza ya kujifunzia kazini. Python hutumika karibu kila mahali, C++ mara nyingi, na mazoezi ya kukadiria bei kwa mbinu ya Monte Carlo, yaani kuiga mienendo mingi ya bei kwa namba za nasibu na kuchukua wastani, huanza mapema.

Wengine hupima uzito wa programu ya masomo kwa idadi ya krediti, na hapo hupotea. Shahada ya uzamili ya Uingereza ina krediti 180, ya miaka miwili katika mfumo wa Ulaya ina 120, wakati ile ya Marekani huweza kuwa na thelathini na kitu tu, lakini vipimo ni tofauti: krediti 1 ya Ulaya huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, zikiwemo zile za kujisomea.

Husemwa pia kwamba masomo haya hayana kazi Afrika Mashariki. Soko la Hisa la Nairobi lilifungua soko la mikataba ya baadaye (ya kununua au kuuza siku zijazo kwa bei iliyokubaliwa leo) mwaka 2019, ingawa kwa maoni yangu huko siko penye ajira nyingi. Tangu Januari 2018, kiwango cha uhasibu cha IFRS 9 kinazitaka benki zinazokifuata, za Kenya na Tanzania zikiwemo, zikadirie hasara inayotarajiwa kwenye mikopo kabla mkopaji hajashindwa kulipa, na hilo ni swali la uwezekano. Anayekusudia kurudi kufanya kazi huku angechagua somo la hatari za mikopo kabla ya lile la mikataba changamani.