Mabibo, kuvu na mafuta

Ukimwambia mkulima wa Newala kwamba unafuga kuvu, atakutazama vibaya. Kuvu anayoijua yeye ni ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho unaomgharimu salfa kila msimu. Yangu ni ya ukoo mwingine: Mucor circinelloides, ambayo ikilishwa kwa hesabu hujaza mafuta ndani ya seli zake.

Hesabu yenyewe ni sukari tele, naitrojeni kidogo. Naitrojeni ikiisha, kuvu haiwezi tena kutengeneza protini za kukulia, ila sukari bado inaingia. Asidi ya sitriki hurundikana, kimeng'enya huivunja, na vipande vyake huungwa kuwa mafuta. Kuvu hujulikana kuwa ya mafuta yakifika asilimia 20 ya uzito wake mkavu. Zipo hamira, kama Rhodotorula toruloides, zinazovuka nusu.

Chakula chake? Mabua ya ufuta ya Lindi yana sukari, lakini imefungwa ndani ya selulosi na lignini, nyuzi na gundi ngumu za mmea. Lazima uyachemshe kwa asidi, kisha utie vimeng'enya, na huko kuchemsha huzaa furfurali inayoidhuru kuvu yenyewe. Maganda ya korosho siyagusi kabisa, asidi yake ya anakadiki huua vijidudu.

Nayapenda mabibo, yale matunda yanayobeba korosho. Korosho ikishatolewa, mengi huachwa yaoze chini ya mikorosho, na juisi yake ina sukari kama sehemu moja ya kumi, tayari kuliwa. Kinachosumbua ni tanini, ule ukakasi wa kooni, nao hupunguzwa kwa jelatini. Watengeneza uraka, pombe ya mabibo, walijua utamu huo zamani kabla yetu. Tofauti ni hewa: uraka hauhitaji, sisi tunapuliza mfululizo. Umeme ukikatika na pampu ikasimama, Mucor hubadili umbo ikawa kama hamira, ikaanza kutoa pombe. (Mtwara, hilo si jambo la kufikirika.)

Sasa bei. Tani ya mabibo tuseme inatoa juisi kilo 600, yaani sukari kilo 60. Kuvu ikigeuza moja ya tano, umepata mafuta kilo 12. Tani ya ufuta ina karibu kilo 500. Anayewaza kuuza mafuta ya kuvu ya kupikia pale Masasi aache mapema.

Yanayolipa ni mafuta adimu. Ya Mucor, yenye asidi ya gama-linoleniki, yaliuzwa Uingereza kuanzia 1985, yakaja kushindwa bei na ya mimea. Yaliyodumu ni ya Mortierella alpina, yenye asidi ya arakidoniki, yanayotiwa kwenye maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Kwa mabibo ningeanzia hapo, ila si kwa kujenga mtambo wa kuvu kwanza. Msimu wa mabibo hudumu miezi michache, na kwa joto letu juisi huchachuka ndani ya siku moja. Kinachotakiwa kutangulia ni mashine za kukamua karibu na mashamba, na namna ya kuikausha juisi iwe sharubati nzito itakayofika mwezi wa sita.