Kumtafuta babu kupitia shamba lake

Wanaonijia kufuatilia maisha ya babu zao Wamarekani waliolima katika karne ya 19 huniletea jina, nami huwauliza shamba lilikuwa wapi. Makarani wa sensa waliandika majina kama walivyoyasikia mlangoni, kwa hiyo mtu mmoja huweza kuonekana kwa tahajia tatu katika sensa tatu. Isitoshe, kabla ya 1850 sensa ilitaja jina la mkuu wa kaya tu. Watu waliokuwa watumwa waliandikwa katika 1850 na 1860 bila majina, chini ya jina la aliyewamiliki, na wengi wao majina yao yanaonekana kwa mara ya kwanza katika 1870.

Sensa za 1850 hadi 1880 zilikuwa pia na jedwali la kilimo, ambalo watafiti wengi hulipita bila kulifungua. Humo mkulima ameandikiwa ekari zilizolimwa na zilizobaki pori, thamani ya zana zake, farasi, ng'ombe wa maziwa, maksai na nguruwe wake, pamoja na busheli za ngano na mahindi alizovuna. Jedwali la 1880 linaeleza hata kama shamba ni lake, amelikodi kwa fedha, au analima kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi. Hata hivyo, usiseme babu hakuwa mkulima kwa kuwa hayumo: mwaka 1850 mashamba yenye mazao ya chini ya dola 100 yaliachwa.

Sensa ya 1890 karibu yote ilipotea kutokana na moto wa 1921 jijini Washington. Pengo hilo la miaka 20 ndilo linalonipeleka kwenye majalada ya ardhi, na kwa maoni yangu hakuna nyaraka zinazoyashinda kwa utamu. Sheria ya Homestead, iliyotiwa saini na Abraham Lincoln tarehe 20 Mei 1862, ilimpa mtu hadi ekari 160 za ardhi ya serikali kwa sharti la kuishi hapo na kulima kwa miaka mitano, kisha alete mashahidi wawili. Hati miliki yenyewe ni karatasi kavu. Ushahidi umo katika jalada, linalohifadhiwa na Nyaraka za Taifa za Marekani.

Chukua jalada la Daniel Freeman, aliyejiandikisha Brownville, Nebraska, tarehe 1 Januari 1863, siku sheria ilipoanza kutumika. Mwaka 1868 mashahidi wake walieleza nyumba ya futi 14 kwa 20, nusu ya magogo na nusu ya mbao, yenye milango miwili na madirisha mawili. Takriban ekari 35 zilizolimwa na kuzungushiwa ua. Banda la kondoo lenye urefu wa futi 100. Kihenge cha mahindi. Mitufaha 40 na mipichi ipatayo 400. Sensa gani ingekuambia habari za mipichi?

Nikimaliza jalada la mtu mwenyewe, hufungua ya mashahidi wake, maana jirani aliyemshuhudia huenda akawa shemeji yake, au mtu aliyehama naye kutoka kaunti moja, na kaunti hiyo ndiyo ninayoitafuta.