Mgonjwa mahututi analishwaje? Majibu kwa ndugu wanaouguza

Ndugu yetu yuko ICU na ametundikiwa dripu. Si ndiyo chakula chake?

Hapana. Dripu nyingi ni maji na chumvi. Hata ile ya glukosi ya asilimia 5, lita nzima ina gramu 50 za sukari, yaani kalori zisizozidi 200. Mtu mzima wa kilo 60, siku za mwanzo zikishapita, huhitaji takribani kalori 1,500 na protini gramu 72 au zaidi kwa siku. Asipopata, misuli inayeyuka, hata ile ya kupumulia, na kumtoa kwenye mashine ya kumsaidia kupumua kunakuwa kazi kubwa.

Mtaalamu wa lishe anafanya nini hapo?

Anapiga hesabu hiyo kwa kila mgonjwa. Anaangalia uzito, figo, sukari, hata dawa, kwani baadhi ya dawa za usingizi zina mafuta yanayoongeza kalori. Tumbo likiwa linafanya kazi na presha imetulia, chakula huanza ndani ya saa 24 hadi 48 kwa mpira wa puani. Tumbo likigoma, ndipo hufikiriwa chakula cha mshipani.

Hajala wiki nzima, mbona anapewa kidogo hivyo?

Najua inavyouma kuona hivyo, lakini hapa haraka inaweza kuua. Mwili uliokaa na njaa ukipewa chakula kingi ghafla, madini kama fosfeti, potasiamu na magnesiamu hushuka kwenye damu, na moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Ndiyo maana huanziwa kidogo, hupewa vitamini B1, na damu hupimwa mara kwa mara huku kiasi kikipandishwa. Kwa hiyo mwambieni mtaalamu ukweli wote: ameacha kula lini, amekonda kiasi gani, anakunywa pombe au la. Nyinyi ndio mnaojua, mgonjwa hawezi kusema.

Tunaweza kupitisha uji wa nyumbani kwenye mpira?

Msiupitishe wenyewe, hata kijiko kimoja. Uji mzito huziba mpira, mwepesi hauna nguvu ya kutosha, na uliokaa kwenye chupa huzaa vijidudu. Hospitali ikitegemea chakula cha ndugu, ombeni mtaalamu wa lishe awaandikie vipimo kamili vya chakula hicho. Nesi ndiye anayelisha: kwanza huhakikisha mpira uko tumboni wala haukuingia mapafuni, kisha humwinua mgonjwa kichwa na kifua nyuzi 30 hadi 45 ili chakula kisimpalie.